Ngozi ya Tandala Iliyogeuzwa

Saa moja kasorobo asubuhi, baridi ya Juni bado imekalia mabati ya Selby, mtaa wa karakana ulio kusini mwa katikati ya jiji la Johannesburg. Alexis Mwilambwe anavua koti, anakunja mikono ya shati, anatandaza ngozi ya swala pala juu ya gogo lililolazwa mshazari. Upande wa manyoya uko chini. Siku zote huwa chini.

Anainama. Kisu chake chenye mishikio miwili kinashuka taratibu, kinakwangua mafuta na vinyama vilivyobaki. Halafu kinasimama. Alexis anapapasa kwa kidole gumba mahali fulani karibu na bega.

"Mzee Kongo, unakwangua au unaswali?" anauliza Bakiri, Mtanzania wa Tunduru anayepaka ngozi chumvi kwenye meza ya pili.

"Ninasoma. Wewe endelea na chumvi yako, usije ukajikausha mwenyewe."

Bakiri anacheka. Wamefanya kazi pamoja kwa miaka tisa katika karakana hii, ambayo hutengeneza ngozi na vichwa ambavyo wawindaji hupenda kuvitundika ukutani. Mteja huona macho ya kioo na pembe zinazong'aa. Jina la aliyeinama juu ya gogo haliandikwi popote.

Alexis ana miaka arobaini na sita. Hulipwa randi 5,400 kwa mwezi, na karibu nusu huishia kwenye kodi ya chumba kilichogawanywa kwa pazia katika ghorofa moja la Joubert Park. Mkewe, Murielle, husuka nywele kando ya barabara, karibu na stendi ya teksi. Binti yao, Shekinah, ana miaka kumi na moja. Alizaliwa hapa. Kiswahili anakielewa chote, ila hujibu kwa Kizulu au Kiingereza.

Kazi hii Alexis hakujifunza Selby. Alikuja nayo.

Alizaliwa karibu na Mitwaba, huko Katanga, pembeni mwa nyanda za juu za Upemba. Baba yake alikuwa mwindaji wa gobore, mtu wa maneno machache, aliyekuwa na sharti moja lisilovunjwa: mnyama akichunwa, hakuna kusema amekufaje mpaka ngozi igeuzwe.

"Wote tulinyamaza," anakumbuka Alexis. "Hata wajomba, hata wageni. Ngozi inageuzwa, Papa anaiangalia ndani, ndipo anasema. Ukitangulia kusema, hupewi nyama."

Sharti hilo lilikuwa na maana yake. Mnyama aking'atwa au kupigwa angali hai, damu huvilia chini ya ngozi na kuacha doa jeusi. Akiraruliwa ameshakufa, ngozi hupasuka lakini doa halipo. Manyoya hufunika yote hayo. Upande wa ndani haufichi.

Katika nyika zile walikuwako mbwa mwitu, wale wenye madoa ya rangi tatu na masikio ya duara. Alexis akiwataja, mikono yake huacha kisu.

"Hawa hawanyemelei kama chui. Wanakimbia kama watoto waliofunguliwa shule. Na asubuhi wakipoteana, wanaitana. Sauti laini, huu, huu, ungedhani ni ndege mkubwa. Mimi niliamshwa na sauti hiyo kabla ya kuamshwa na mama yangu."

Si wote waliowapenda. Baba yake mdogo alitaka watiliwe sumu, akisema kila kongoni aliyeliwa na mbwa ni chungu kilicholala kitupu. Baba yake alikataa. Akikuta mbwa wameangusha mnyama, alichukua paja moja na kuwaachia mengine, maini yakiwemo. Ndugu hao wawili walibishana misimu mitatu.

"Baba mdogo alisema, 'Wewe unawalisha wezi.' Papa akamjibu, 'Kongoni wote uliowala wewe, mbwa walikuja kukushtaki wapi?'"

Ubishi huo haukumalizwa na hoja. Ulimalizwa na vita. Waliokuja na bunduki za rashasha walipiga kila chenye miguu. Mwaka mmoja sauti ya alfajiri ikapungua, mwaka wa pili ikanyamaza kabisa. Baba yake Alexis aliendelea kutoka nje mapema na kusimama uani akisikiliza, hadi alipofariki. Alexis aliondoka mwaka 2004, akapita Zambia na Zimbabwe, akafika Johannesburg akiwa na begi moja na kisu cha kuchunia.

Alidhani sauti ile ameiacha huko milele. Kisha, mwaka 2016, mteja wa karakana aitwaye Willem akaingia na habari. Wenye mashamba ya wanyama kadhaa mkoani Limpopo walikuwa wamekubali kurudishiwa mbwa mwitu tisa. Willem, mwindaji tangu utoto, alikuwa mmoja wa waliokubali.

Jioni hiyo Alexis alipanda ngazi za ghorofa lake mbilimbili. Alimwambia Shekinah kwamba siku moja atampeleka akawasikie. Mtoto alikuwa amekua na hadithi za mbwa hao, na kwake zilikuwa hadithi tu.

"Uyadlala, Papa," alimjibu kwa Kizulu, yaani unanitania.

"Nilikasirika kidogo," anasema Alexis. "Si kwa sababu yake. Ni kwamba sikuwa na hata kitu kimoja cha kumwonyesha. Picha hakuna. Nyumba hakuna. Nilikuwa na maneno tu."

Wawindaji nao wakagawanyika, na mzozo wao ukahamia kwenye kaunta ya karakana. Willem alisema tangu mbwa waje, swala hawajikusanyi tena mtoni, nyasi za ukingoni zimeota upya, na wanyama wagonjwa hawaonekani. Jirani yake Gerrit, aliyewinda naye tangu wakiwa vijana, alisema swala hawajikusanyi kwa sababu wameisha.

"Wewe unahesabu nyasi," Gerrit alimwambia mbele ya wafanyakazi. "Mimi nahesabu wanyama."

"Unahesabu ukiwa ndani ya gari, Gerrit. Shuka utembee."

Kufikia Machi 2018 mbwa walikuwa kumi na wanne, na chama cha wawindaji wa eneo hilo kilitangaza mkutano wa kupiga kura mwezi uliofuata: wabaki, au wakamatwe na kuhamishwa.

Majuma matatu kabla ya kura, Gerrit alikuta mzoga shambani kwake. Alikuwa tandala dume mzee, pembe mizunguko miwili na nusu. Gerrit alikuwa amemfuatilia kwa miaka saba bila kumpiga risasi, akimweka akiba kwa ajili ya uwindaji wake wa mwisho. Tumbo lilikuwa wazi. Alipiga picha na kuituma kwa mwenye karakana, mzee Hennie, naye akamfuata Alexis gogoni na simu mkononi.

"Nani amefanya hivi?"

Alexis alitazama picha. Tumbo limefunguliwa kuanzia nyuma. Utumbo haupo. Aliwaona mbwa wake wa utotoni katika picha ile, akafurahi kuwatambua kabla ya kufikiri.

"Mbwa mwitu," alisema.

Neno hilo lilikuwa limeshafika Limpopo kabla hajaosha mikono. Gerrit alimwambia kila mwanachama: hata yule Mkongo wa Selby, anayesoma ngozi kama gazeti, amethibitisha. Waliokuwa wakisitasita wakaanza kuegemea upande wake.

"Nilivunja sharti la baba yangu," anasema Alexis. "Nilisema kabla ya kugeuza. Na niliisemea picha, siyo ngozi."

Ngozi yenyewe ilifika siku kumi baadaye, imekunjwa na chumvi yake. Alexis aliiloweka, akaitandaza, manyoya chini. Alianza tumboni. Kingo za mpasuko zilikuwa nyeupe, safi, bila tone la damu iliyovilia. Aliyelila tumbo hilo alilikuta limeshapoa.

Akapanda shingoni. Chini ya ndevu ndefu za koo, mahali ambapo picha isingeonyesha kitu, palikuwa na duara jeusi, jembamba, limezunguka shingo nzima.

Bakiri alisogea. "Hiyo nini?"

"Waya," alisema Alexis. "Kitanzi. Amejinyonga akivuta."

"Eish." Bakiri alifuta mikono kwenye aproni. "Basi mbwa wako hawana kosa. Mbona umenuna?"

"Kwa sababu aliyewashitaki ni mimi."

Alimpelekea Hennie habari hiyo ofisini. Mzee hakupandisha sauti. Alimkumbusha kwamba Gerrit na rafiki zake huleta karibu theluthi ya kazi zote za karakana, kwamba mteja ameagiza kichwa cha tandala na hakuagiza maoni, na kwamba ngozi ikishajazwa na kushonwa hakuna atakayeona upande wa ndani.

Nyumbani, Murielle alimsikiliza hadi mwisho huku akikunja nywele za bandia.

"Papa Shekinah, kazi hiyo ikienda, mimi vichwa vya kusuka nitaongeza. Lakini sitakaa na mtu anayeogopa ngozi."

Jumamosi Gerrit alikuja kuchagua macho ya kioo. Alexis alimpigia Willem simu mwenyewe, akamwomba naye aje. Wawindaji hao wawili walisimama pande mbili za gogo bila kusalimiana. Hennie alibaki mlangoni.

"Bwana Gerrit, nilisema ni mbwa," alisema Alexis. "Nilikosea. Sikuwa nimeigeuza ngozi. Sasa nimeigeuza."

Akashika mkono wa Gerrit, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja, akauweka juu ya duara lile. Kidole cha Gerrit kilizunguka shingo polepole mpaka kikarudi kilipoanzia.

"Na tumbo?" aliuliza Gerrit.

"Hakuna damu. Waliomla walimkuta amekufa. Huenda bweha, huenda mbwa wenyewe. Kumuua, hapana."

Willem alifungua mdomo, na Gerrit akamzuia kwa kiganja.

"Usiseme kitu, Willem. Leo usiseme kitu." Kisha, akiitazama ngozi, "Uzio wangu wa mtoni ulikatwa mwezi wa pili. Waya ulipotea. Nilidhani wezi wameuuza kama chuma chakavu."

Juma lililofuata vibarua wake walitembea ukingo wote wa mto kwa miguu. Waliokota vitanzi kumi na kimoja.

Gerrit hakugeuka rafiki wa mbwa, wala Alexis hadai hivyo. Kwenye mkutano alisimama, akaeleza alichokigusa kwa kidole chake, akasema bado hawapendi wanyama hao, lakini hatapiga kura ya kuwaondoa kwa kosa la mtu mwingine. Mbwa walibaki kwa tofauti ya kura nne. Baadhi ya rafiki zake walihamishia kazi zao karakana nyingine, na kwa miezi kadhaa Alexis na Bakiri walifanya kazi siku nne badala ya sita. Gerrit mwenyewe hakuhama. Siku hizi akileta ngozi, haulizi chochote. Anasubiri igeuzwe.

"Angekutana na baba yangu," anasema Alexis, "wangekaa vizuri. Wangebishana, lakini wangekaa."

Sasa kuna jambo moja limebaki. Willem amemwandikia kwamba jike kiongozi wa kundi amezaa, na shimo lao liko upande wa mto unaopakana na shamba la Gerrit. Shule zikifungwa mwezi Julai, Alexis na Shekinah watapanda basi la asubuhi kituo cha Park kwenda Limpopo. Nauli ameshaiweka kando.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, alisimama kwenye baraza la ghorofa ya tano, akakunja viganja mbele ya mdomo, akaita kama alivyofundishwa huko Mitwaba. Huu, huu. Chini, wauza nyanya wakainua macho. Jirani mmoja akapiga kelele kuuliza nani amefuga bundi.

Shekinah alicheka hadi akakaa chini. Halafu akainuka, akakunja viganja vyake vidogo, akajaribu.

"Si hivyo," Alexis alimwambia. "Legeza midomo."

Akajaribu tena. Ya tatu ikatoka vizuri.

"Na wasipojibu, Papa?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, na baba yake hakumwonyesha kwamba amegundua.

Sasa, juu ya gogo, Alexis anageuza kisu na kuendelea kukwangua ngozi ya swala. Jibu alilompa binti yake anatarajia kulitimiza mwezi ujao.

"Nilimwambia tutanyamaza kwanza," anasema. "Hatutasema wapo, hatutasema hawapo. Tutasikiliza."