Kiti cha Pweza na Maji ya Chemchemi

Baba alikataa katakata nisiende Tanga. Wenzangu wa darasani walishuka na mwalimu kwa lori mpaka Mombo, wakapanda treni, wakaenda kujifunza viumbe vya baharini kwa kuvishika, maji yakiwa yamekupwa. Mimi nikabaki Lushoto kupalilia maharage, nimenuna huyo! Mdogo wake baba alikwenda pwani kukata mkonge, hakurudi tena. Tangu hapo baba hakutaka hata kusikia pwani inatajwa.

Mwalimu wetu, mtu wa Tanga, alinihurumia. Waliporudi aliniletea nyumbani ndoo ya maji ya bahari, na ndani yake kiti cha pweza, mnyama mwekundu wa mikono mitano, mzima kabisa.

"Mtazame anavyotembea," akasema. "Kesho uje naye shule, utueleze ulichokiona."

Nilimpindua kidogo tu, lo! Vijiguu laini, tele, vikanishika kidole. Nikacheka peke yangu kama mwehu, kisha nikaenda kukata majani ya mbuzi.

Niliporudi, baba alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, ameridhika. Alikuwa ameyaonja yale maji, akayatema. Kwetu mgeni hapewi maji yaliyolala, sembuse ya chumvi. Anatekewa ya chemchemi. Basi alikuwa ameyamwaga, akateka mapya, baridi, safi.

"Mwalimu wako hana huruma," akaniambia. "Mnyama wa watu anamtesa kwa chumvi!"

Nikatia mkono. Vile vijiguu havikunishika. Iliniuma, jamani. Nililia, nikamwambia baba maneno ambayo mtoto wa Kishambaa hamwambii baba yake: kwamba amemuua, kwamba bahari haijui na mimi hataki niijue. Mama akajiziba mdomo kwa khanga. Nikangoja kofi.

Halikuja. Asubuhi baba alibeba ndoo mwenyewe mpaka shuleni, mimi nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," mwalimu akamwamkia.

"Marahaba." Baba akaitua ndoo. "Mwalimu, nimekuulia mgeni wako. Nilidhani namtendea wema."

Mwalimu akasema si kitu, yatokea.

"Safari ijayo mchukue huyu binti, akaone mwenyewe." Baba alikuwa anatazama chini, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Lakini umrudishe, mwalimu. Nakuomba, umrudishe."