Orodha ya Viwanja vya Makambako

Sikuwa mtu wa kubabaishwa na mashine. Nilikuwa nimepiga chapa katika ofisi ya ardhi Njombe miaka kumi na minne, vidole vikikimbia kuliko mdomo wa mkuu wangu. Basi kompyuta ilipoletwa niliitazama kama mke mkubwa anavyomtazama mke mdogo. Ilikuwa miaka ya soko huria. Makambako kila mtu alitaka kiwanja cha duka, na maofisini kila mtu aliogopa neno moja: kupunguzwa.

Mkuu hakuzunguka. "Mama, nafasi ya mpiga chapa inafutwa. Ukiiweza hii mashine kabla hatujagawa viwanja, utabaki."

Waliiweka katika stoo ya zamani ya makaratasi, na mlangoni mkuu akabandika tangazo: VUA VIATU. Vumbi, eti, lingeiua. Anayeijua Njombe ya mwezi wa saba anajua adhabu ya kukanyaga saruji peku asubuhi. Sote tulivua, hata mzee wa masjala mwenye baridi yabisi. Mkuu peke yake aliingia na viatu vyake, utadhani vumbi lake lilikuwa na cheo.

Mtaalamu aliyetoka Dar es Salaam kutufundisha, bwana mmoja aliyevaa makoti mawili kutwa nzima, aliniita "mama wa taipureta". Nilikasirika, na hasira nikazipeleka kwenye vidole. Ndani ya wiki mbili nilikuwa nimeingiza waombaji wote wa viwanja: wafanyabiashara na wenye malori waliohamia Makambako kutoka mikoa mingine, na wakulima wetu wa Ilembula na Kidugala. Mtaalamu akaipitia kazi yangu, akachapa orodha, akanipa niisaini. Nikaisoma kwa kidole. Wakulima walikuwa wamepungua.

"Nimewaondoa waliojiandikisha zaidi ya mara moja," alisema. "Kuna jina limerudiwa mara nne."

"Hao ni watu wanne."

"Mama, majina yote mawili ni yaleyale."

"Babu yao ni mmoja. Kila mtoto wake alimpa mwanawe jina la babu. Ndivyo tunavyofanya huku."

Alicheka. Kwao labda jina huzikwa na mwenyewe. Kwetu Wabena jina la babu hurudi kwa wajukuu, na ukoo mzima hubeba jina moja la mwisho. Kwa orodha ile, ndugu wanne wangegombea kiwanja kimoja, na wengine wa namna yao walikuwa wengi.

Mtaalamu alimwita mkuu, akamwambia mashine haikosei, ila mimi ndiye nisiyeielewa. Mkuu akanitazama. "Saini, mama."

Niliogopa. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na baba yao hakuwepo tena. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zilikuwa zimesimama.

"Sisaini," nikasema. "Nipeni mpaka kesho saa nane mchana. Nikishindwa, nipunguzeni."

Kesho yake nilibeba mafaili ya maombi nikaenda kukaa peku mbele ya kioo kile. Niliongeza safu mbili ambazo hakuna aliyenifundisha: jina la baba, na kijiji. Wakati fulani nilibonyeza nisichokijua, orodha nzima ikatoweka. Nilimwita Mungu kwa Kibena, nikabonyeza tena, ikarudi. Saa saba na nusu printa ilikuwa ikilia, na kila aliyeomba alikuwemo. Nikaipeleka mezani kwa mkuu.

Siku ya kugawa viwanja, mkuu alisimama mbele ya watu Makambako akasoma orodha yangu. Alitaja jina, baba, kijiji. Mtu mmoja akainuka. Mkuu akataja jina lilelile na baba mwingine, akainuka mwingine. Ikawa hivyo mara nne, na kila mmoja akaondoka na karatasi yake. Wa mwisho, mkulima wa Kidugala, alinipitia nilipokaa.

"Kamwene, mama," alinisalimu kwa Kibena. "Nilijua leo tutatoka hapa na ugomvi wa ukoo."

Nilijaa fahari, sitaki kuficha. Nilimpita mtaalamu na makoti yake mawili kwa maringo kama bibi harusi.

Jumatatu nilikaa mbele ya kompyuta nikingoja kuitwa nielezwe hatima yangu. Hakuna aliyeniita. Nilisikia viatu vya mkuu vikija ukumbini, nikavijua, halafu vikakoma mlangoni kwangu. Akabisha hodi. Akaingia na soksi, ya kushoto ina tundu kwenye kidole gumba, akaweka ufunguo wa chumba kile mezani pangu.

"Karibu, mkuu," nikasema. "Sakafu ni baridi."