Mjomba Fulgensi Alivyomsemea Mama

Sauti yenyewe ni ya mwanamume mmoja tu, nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kunywa chai ya moto. Mwanamume huyo mmoja husema maneno ya bibi harusi, ya mama mkwe, ya polisi na ya daktari, hata ya mtoto mchanga. Wajukuu zangu hapa Magamba wanamwita mtafsiri. Kila jioni vyombo vikishaoshwa, Sabina, mkubwa wao, anawasha televisheni, tunakaa kwenye mkeka, na mimi naangalia kama wenzangu, maana tamthilia nazipenda, sitawadanganya. Mwezi uliopita tulimaliza ile ya Kihindi ya mama mkwe mwenye bangili mpaka kwenye kiwiko. Ni nzuri, ila mtu akishtuka wanamwonyesha uso mara tatu, kana kwamba mara ya kwanza tulikuwa tumelala. Sasa tumeanza ya Kituruki. Hiyo ina nyumba nzuri kuliko watu waliomo.

Juzi kwenye hiyo ya Kituruki, mama mmoja alipiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe mgonjwa akalia. Alilia vizuri, na mdomo wake ulikuwa unasema kitu kirefu kwa lugha yao. Mtafsiri hakungoja amalize. Akasema, "Anajiliza huyo. Muulizeni jana alikuwa wapi." Wajukuu wakacheka mpaka wakaangukiana. Mimi niliinuka nikaenda kukaa jikoni. Sabina akanifuata akidhani kifua kimenibana. Kifua kilikuwa kizima. Nilikuwa nimemsikia mjomba wangu Fulgensi, ambaye amekufa siku nyingi.

Tulikuwa tunakaa Mamba, kule Mpimbwe, miaka ile ya kabla ya uhuru. Baba yangu aliitwa Kasiani, mama yangu Skolastika, na mimi Leokadia, nikiwa na miaka sita au saba, meno ya mbele hakuna. Kabla yangu alikuwepo kaka, Fransisko. Alikufa kwa surua mimi sijaanza hata kutembea, kwa hiyo nilimjua kwa jina tu, na kwa jinsi mama alivyonyamaza likitajwa. Bibi Yulita, mama mzaa baba, alikuwa na maneno yake kuhusu kifo hicho. Hakuyasema kwa sauti. Kila alipokuja kwetu alifunua chungu cha maji, akachungulia kama ni safi, akakifunika tena, akaondoka bila kunywa. Mama alimwona kila mara, akaendelea na kazi yake. Baba alikuwa upande wa mama wakati ule, na hilo lilitosha.

Mjomba Fulgensi alikuwa mdogo wake mama, tumbo moja. Wazazi wao walikufa mapema, na mama ndiye aliyembeba mgongoni, yeye mwenyewe akiwa mtoto wa kubebwa. Akampeleka misheni akajua kusoma, na alipokuwa mkubwa akapata kazi Mpanda, kwenye gari la sinema la serikali. Gari hilo lilizunguka vijijini na turubai jeupe, mashine na spika. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Mjomba alisimama pembeni, soksi nyeupe mpaka magotini, akashika kipaza sauti akawasemea watu wa kwenye picha, kwanza Kiswahili, kisha Kipimbwe ili wazee wasiachwe nyuma. Watu walimpenda kuliko picha. Na sisi tulitembea kichwa juu, kwa sababu sauti ile ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Mwaka mmoja, kabla ya mpunga kuiva, alikuja na mzungu mpiga picha. Majina ya watu wa Mamba ninayo yote mpaka leo, ila la mzungu yule sikulipata. Walitaka kutengeneza sinema ya usafi, na Mjomba akamwomba mama awe ndani yake. Nilikuwa nimekaa hapo hapo akimweleza. Alisema picha itakuwa na sehemu mbili. Siku ya kwanza itaonekana nyumba kabla haijafundishwa, chafu, mtoto anaumwa. Siku ya pili itaonekana nyumba ile ile na mama yule yule, pamefagiliwa, maji yamechemshwa, mtoto anacheza.

"Dada," akamwambia, "wewe ndiye utakayewafundisha wenzako."

Mama alifikiri kidogo. Naona sasa alichokuwa anafikiri. Alitaka Bibi Yulita aone, mbele ya kijiji kizima, maji yakichemka kwenye chungu chetu.

Tatizo likawa uchafu. Nyumba ya mama haikuwa nao, ikabidi tukauazime. Shangazi Melania, dada yake baba, alitupa chungu chenye ufa na mkeka uliooza pembeni. Kuku tuliowaingiza ndani walitoka wenyewe. Nzi nao hawakuja wa kutosha, basi Mjomba akanipaka asali mdomoni ili wanifuate. Nikailamba. Akanipaka tena, nikailamba tena. Mara ya tatu badala ya nzi wakaja nyuki, na mzungu akakimbilia ndani ya lori, kofia yake ikabaki chini. Mama alicheka mpaka akashika nguzo ya mlango.

Mchana wakanilaza kwenye ule mkeka, wakanifunika shuka jeupe mpaka kichwani, nikaambiwa nisitikisike. Chini ya shuka kulikuwa na joto, nami nikaendelea kujilamba kimya kimya. Sasa mama alitakiwa alie. Hakuweza, alikuwa bado na kicheko cha nyuki. Nikamsikia mzungu akisema kitu kwa haraka, halafu nikamsikia Mjomba amepiga magoti karibu yetu.

"Dada, mkumbuke Fransisko."

"Fulgensi, hilo hapana."

"Mkumbuke kidogo tu. Jua linaondoka."

Kisha mama akalia. Ilikuwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeburuta gunia sakafuni, na sikuwa nimewahi kuisikia. Mkono wake ulinishika mguu juu ya shuka. Mimi nilidhani anaigiza vizuri.

Kesho yake mama aliamka kabla ya jogoo. Alirudisha chungu na mkeka kwa Shangazi Melania, akapaka kuta udongo mweupe, akaniogesha, akanipaka mafuta nikang'aa kama kikombe. Akabandika maji. Tukakaa nje kwenye vigoda tukingoja. Lori tuliliona likipita kwa mbali, vumbi lake likielekea kwa katekista. Mama Agata, mke wa katekista, alikuwa na nyumba ya bati. Jioni Mjomba alituma mtu aseme kwamba wameanzia huko, kwetu watarudi. Mama alimwamini. Siku iliyofuata alichemsha maji tena, na nyingine tena, mpaka udongo wa ukutani ukaanza kuchafuka na alama za vidole vyangu.

Sinema ilirudi baada ya mavuno. Mama alikuwa amealika watu, mnaelewa? Alipita nyumba kwa nyumba. Jua lilipozama tu, uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Waliokaa upande wetu nawakumbuka wote: Bibi Yulita, Shangazi Melania, baba, Pashkali fundi cherehani, Mama Agata na rafiki yangu Teodora, halafu mama na mimi mbele kabisa kwenye mkeka mpya. Mama alivaa kanga ya Jumapili. Mjomba alikuja kutusalimia, ila alisalimia huku akiangalia nyaya za mashine.

Basi turubai likawaka, ikatokea nyumba yetu. Chungu chenye ufa, kuku mlangoni, na mama ameketi na kanga iliyochakaa. Sauti ya Mjomba ikatoka kwenye spika, tamu kama siku zote. Akasema tazameni nyumba hii. Mama huyu ni mchafu na mvivu, maji ya kunywa hachemshi, nzi wanakula pamoja na mtoto wake. Akayarudia yote kwa Kipimbwe, na kwa Kipimbwe yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu aliyatia chumvi kama alivyozoea. Watu wakacheka. Ukatokea uso wangu na mdomo unaong'aa, nikasimama nikawaambia wote kwamba yule ni mimi, wakacheka zaidi. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama nimeipata tena.

Kisha likatokea lile shuka, na mama analia. Niliyaona machozi yake makubwa kama kichwa cha mtu.

"Analia sasa," akasema Mjomba. "Angechemsha maji jana, leo asingelia."

Uwanja mzima ukacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti, maana ni mimi tu niliyejua kwamba mle chini ya shuka nilikuwa najilamba asali. Mama akageuka. Hakumwangalia Mjomba. Aliniangalia mimi.

Baadaye ikatokea nyumba ya Mama Agata, bati linametameta, maji yanachemka, watu wakapiga makofi. Kwetu hawakurudi hata kwenye picha. Mama akasimama, akakunja mkeka, akanishika mkono tukatoka, na kwa kuwa tulikuwa mbele, kivuli chake kikapita juu ya nyumba ya Mama Agata yote.

"Wewe mama, kaa chini, unaziba," likasema spika.

Sijui kama Mjomba alimtambua mama. Nimejiuliza maisha yangu yote. Aliyebebwa kwenye mgongo ule asiujue?

Tangu siku hiyo Bibi Yulita alisema wazi alichokuwa akikisema kwa kufunua chungu. Alisema mtoto wa kwanza alikufa hivyo hivyo, na sasa hata serikali imeona. Kwa watu wa wakati ule, kitu kikishaonekana kwenye turubai kilikuwa kimetokea. Mimi nilizunguka kueleza kwamba chungu kile kilikuwa cha Shangazi Melania. Walipomuuliza, Shangazi alisema, "Chungu gani?" Akaendelea kupeta mchele wake.

Baba hakumfukuza mama. Hakumpiga, hakumtukana. Aliacha tu kunywa maji ya nyumbani kwake. Akitoka shambani alipitia kwa mama yake, akanywa huko, ndipo akaja kula. Ilikuwa hivyo mpaka alipokufa, na mama alichemsha maji kila siku.

Mjomba alikuja Krismasi na mkate na sukari. Alisema maneno yale aliandikiwa kwenye karatasi, yeye ni mtu wa kazi, anasoma alichopewa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Na Fransisko," akamuuliza, "naye aliandikwa kwenye karatasi?"

Mjomba akausogeza mkate karibu naye. Mama alimpa chakula kizuri, akamsindikiza mpaka njiani, na kuanzia hapo akamwita Bwana Fulgensi, kama tunavyomwita mgeni. Alipokufa huko Mpanda mama alikwenda msibani, akakaa na majirani, hakukaa na ndugu.

Ndiyo maana watoto wakinicheka kwamba kwenye tamthilia nawatetea wale wabaya, siwajibu. Mimi huangalia mdomo wa mtu. Nikiona unasema kitu kirefu na mtafsiri anasema kifupi, namngoja yule mama apate mtu wa kumsikiliza.

Mama alimalizia uzee wake kwangu hapa. Siku moja nikimwosha miguu nilimwambia kwamba sijamsamehe Mjomba kwa kumwita mchafu.

"Uchafu nilishausahau," akasema. "Wewe ulikuwa unacheka nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilifurahi kujiona.

"Wewe ulijiona," akasema. "Mimi nilikuona umekufa."

Nikaendelea kuosha miguu ile, maana sikuwa na pa kuweka mikono. Miezi ile baada ya sinema nilikuwa naamka alfajiri nakuta kiganja cha mama kiko mdomoni na puani kwangu, kikitafuta pumzi. Nilidhani ananinyamazisha, kwamba kicheko changu bado kinamuudhi. Nilimwogopa. Nikajifunza kulala kimya sana ili aridhike, na kila nilipokisikia kiganja kinakuja gizani, mimi nilibana pumzi.