Ng'ombe wa Bi Tabu Wapanda Mchangani

Bi Tabu binti Mtoro wa Umwe, kijiji cha bondeni, alirithi ng'ombe saba kwa marehemu mumewe. Mwaka ule vita vya Maji Maji vilipoanza, walikuwa wanakonda ilhali nyasi za bondeni zimejaa. Wawili walivimba chini ya taya kama waliofungiwa mfuko wa maji.

Dume mwekundu alipoanguka, Seleman mchinjaji aliwahi kumchinja. Alipopasua ini, kisu kilikwaruza kama kinachokata mti. Ndani mlikuwa na minyoo bapa kama majani madogo, bado inajikunja.

"Shemeji, hii nyama ya ini tuizike," alisema.

Majirani walinong'ona uchawi. Tabu alilia tu.

Kabla hajajua la kufanya, zikaja habari kwamba askari wa Wadachi wanapita bondeni wakichoma maghala na kuswaga mifugo. Tabu na kaka yake Abbasi wakawapeleka ng'ombe sita juu, kwenye nchi ya mchanga upande wa Mtunda. Kule nyasi zilikuwa fupi na kavu. Walichimba kisima, wakanywesha kwa vibuyu, asubuhi na jioni, mpaka mikono ikachubuka.

Mmoja wa wale waliovimba alikufa. Tabu akajiandaa kuwapoteza wengine. Lakini miezi ikapita, hakuna aliyeugua tena. Uvimbe wa yule wa pili ukanywea, na jike mmoja akazaa ndama dume, njeku mwenye manyoya yanayong'aa.

Vita vilipotulia, Abbasi akasema, "Sasa turudi bondeni, dada. Majani tele."

"Turudi sisi. Ng'ombe hawarudi."

"Kwa nini?"

"Huku wanakula vibaya, lakini ni wazima. Kule walishiba, wakafa. Ugonjwa uko kwenye lile tope, Abbasi. Sijui ni nini, lakini uko kule."

Abbasi alinung'unika, akachukua kibuyu akaenda kuwanywesha.

Idi ya kuchinja ya mwaka wa tatu tangu wapande mchangani, walimchinja yule njeku. Seleman akatoa ini, akaligeuza, akalipasua mara tatu. Lilikuwa laini, jekundu, halina hata mnyoo mmoja.

"Alhamdulillahi," akasema. "Hili linaliwa."

Tabu aliketi chini palepale, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaagiza moto, akawaita majirani wote, hata wale walionong'ona uchawi.