Karani na Kioo cha Ndani

Kwa Jumamosi tatu mfululizo, karani mmoja kutoka Bungoma amefika katika yadi ya magari jirani na duka langu hapa Kitale, kulinganisha magari mawili ya familia, jeupe na la kijivu. Hajawahi kuuliza kuhusu injini wala mafuta. Huingia, huivuta suruali magotini, hushika usukani kwa vidole viwili, kisha hurekebisha kioo cha ndani taratibu kama anayepima dawa. Anataka kumpeleka mama mkwe wake kliniki ya macho kila mwezi, na kwao mkwe hatazamani na mama mkwe, desturi ambayo nimeipinga hadharani, kanisani na katika mikutano ya chifu, bila mafanikio yoyote. Kwa hiyo humwomba Nyaguthii, muuzaji, ajifunge kitambaa kichwani na kukaa nyuma, awe mama mkwe.

Katika gari jeupe macho yao yalikutana kiooni. Karani akaruka nje akiomba radhi.

"Wewe, si ni mimi tu, bana!" Nyaguthii akacheka.

"Najua, mama," akajibu, akitazama chini.

Leo, katika la kijivu, kiti kirefu cha dereva kilimficha Nyaguthii kabisa. Karani akatabasamu, akampigia mkewe simu, sauti ya mke tukaisikia sote.

"Mama amefurahi sana, Baba Joy. Lakini ati atakaa mbele. Nyuma anatapika."

Karani akaondoa vidole vyake kwenye usukani, kimoja kimoja.

"Madam," akauliza, "hamna gari ambalo dereva anakaa nyuma?"