Sifa za Uso wa Josephine

Josephine Jumwa, fundi cherehani wa Bofu, alianza kunenepa uso mwaka jana baada ya Pasaka. Tumbo likafuata. Miguu ilizidi kukonda, lakini miguu husitiriwa na leso, kwa hivyo sifa zikawa za uso tu.

"Kiponda anamtunza mkewe," walisema majirani.

Kiponda, mumewe, kuli wa bandarini, hakukanusha. Mama yake alipokuja kutoka Kaloleni alimtazama mkazamwana wake akaridhika.

"Sasa wafanana na mtu aliyeolewa."

"Ahsante, mama." Josephine alikuwa mkekani na hakuweza kuinuka. Alisingizia joto.

Kisha kidevu kikaota ndevu. Alizing'oa kwa kibano kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Siku aliyoshindwa kukanyaga cherehani, Maryanne, anayeuza mboga kibanda cha pili, alimfungia kibanda chake akampeleka hospitali.

Sukari ilikuwa juu, presha juu. Wakampima damu, wakampiga picha ya kifua. Daktari, mwanamke kijana, akamwita pamoja na mumewe.

"Mama, kuna uvimbe kwenye pafu la kushoto. Ni saratani, ila ya mwendo wa taratibu. Uvimbe huo unauchochea mwili utoe homoni kupita kiasi. Ndiyo iliyojaza uso na kumaliza nguvu za miguu."

"Na ndevu?"

"Na ndevu."

"Sijavuta sigara maishani."

"Aina hii haingoji sigara."

Kiponda alikohoa. "Kwa hivyo si chakula changu?"

"Si chakula, baba."

Kwenye feri ya kurudi nyumbani, walipokaribia Likoni, Kiponda akasema:

"Nilikuwa nishaanza kujisifu kazini."

"Najua," Josephine akasema. "Nilikuacha ujisifu."

Alipasuliwa mwezi wa kumi na moja, wakaondoa sehemu ya chini ya pafu lile. Siku ile Kiponda hakwenda bandarini. Alikaa nje ya chumba cha upasuaji, kofia mapajani, akiogopa kumuuliza mtu. Uso ulipungua polepole. Presha ikashuka. Miguu bado inajikongoja, na kifua hupigwa picha kila baada ya miezi kadhaa. Mpaka sasa hawajaona kipya.

Amepewa vidonge pia. Maryanne alipouliza ni vya nini, akamweleza: ni vya homoni ileile, kwa sababu mwili umesahau kuitengeneza wenyewe.

"Walikupasua waipunguze, sasa wakurudishia?"

"Ndiyo."

Maryanne akamletea maji.

"Haya. Meza."