Kikundi cha Walezi wa Kasoli

Siku yangu ya kwanza kazini Bariadi, afisa ustawi wa jamii wa wilaya alinipa rejista ya watu wenye ulemavu wa kata ya Kasoli, akaniagiza nikahakiki majina. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa. Nilikuwa nimetoka chuoni, na Kisukuma sikujua hata salamu. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiuliza jina, umri na aina ya ulemavu.

Katika nyumba ya Kabula nilimkuta akimgeuza ubavu binti yake, Limi, mwenye miaka minane, asipate vidonda vya kulala. Limi alikuwa na mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliopata madhara mapema kiasi kwamba viungo haviutii. Hakuweza kutembea wala kusema. Kabula alinijibu yote bila kuacha kumgeuza. Niliandika habari za Limi nikaondoka. Habari za mama yake hazikuwa na safu kwenye rejista.

Kwa miaka mingi tulifanya kazi hivyo. Limi alikuwa ameshakuwa mwanamke mzima tulipoelekezwa kuanzisha vikundi vya msaada wa kisaikolojia kwa walezi. Kikundi cha namna hiyo ni watu wachache wenye mzigo unaofanana, wanaokutana kila wiki kuzungumza, pamoja na mwezeshaji anayelinda mazungumzo yao. Si semina wala si kikoba cha kuweka na kukopa fedha.

Mimi nilikigeuza semina. Walezi saba walikuja kwenye ghala la pamba lililokuwa tupu, nikawahutubia saa mbili nzima. Wiki iliyofuata walikuja watatu. Nikamweleza mkuu wangu, mtu wa Kagera aliyekaribia kustaafu.

"Uliwaambia nini?" akauliza.

"Haki za watu wenye ulemavu, sheria, huduma zilizopo."

"Na wao walikuambia nini?"

Nikafungua daftari langu; mlikuwa na hotuba yangu tu.

"Basi rudi ukanyamaze," akasema, akaendelea kusaini barua zake.

Nilipita tena nyumbani kwao kuwaomba warudi. Safari hii tulikubaliana mambo mawili tu: yanayosemwa ghalani yanabaki ghalani, na mtu hashauriwi mpaka aombe ushauri. Kisha nikanyamaza. Nikawa natazama viatu vyangu. Hatimaye Kabula akaanza kusema kwa Kisukuma, taratibu. Kisukuma changu kilikuwa bado cha salamu tu, na aliyekuwa akinitafsiria ni Masunga, mwanamume pekee kikundini, ambaye mkewe alikuwa amepooza.

"Anasema kuna asubuhi anamwomba Mungu amchukue Limi kabla yake," Masunga akasema. Akasita. "Hayo ni ya kwake. Ila hata mimi nina asubuhi kama hizo."

Regina, mwanakwaya aliyekuwa akimlea kaka yake asiyeona, akageuka. "Hiyo ni dhambi, mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Najua," Kabula akamjibu kwa Kiswahili. "Lakini nikifa mimi, nani atamgeuza?"

Nilitamani kuingilia, nikajizuia. Wiki iliyofuata Regina alifika wa kwanza, akamuuliza Kabula ni lini mara ya mwisho alilala nje ya nyumba yake. Kabula alisema hajawahi tangu Limi azaliwe. Hata mama yake alipozikwa Bukundi, hakwenda. Regina akasema, "Nenda kaone kaburi. Mimi nitakaa na Limi."

Hapo ndipo zamu zilipoanza: mlezi mmoja anashika nafasi ya mwenzake ili apumzike. Siku hizi zinaandikwa kwenye miongozo. Sisi tulikuwa tunajaribu tu.

Kabula alipoondoka, Limi alikataa kula. Asubuhi alifumba mdomo, mchana vilevile. Regina akanipigia simu akilia, nikaenda. Nikawa na uamuzi wa kufanya. Nikimwambia Kabula, atageuza safari na hataondoka tena maisha yake yote. Nikinyamaza na Limi akadhurika, kikundi kimekufa, na mimi sina haki ya kukanyaga tena Kasoli. Nikampigia.

"Limi hajala tangu asubuhi," nikamwambia.

"Mmemwelekeza wapi?" akauliza.

"Ukutani, ili jua lisimchome."

"Mgeuzeni aone mlango. Huwa anakula akiangalia watu wakipita."

Tulimgeuza. Regina akampa uji, kijiko kwa kijiko, hadi bakuli likaisha. Kabula alirudi siku ya pili jioni kama alivyopanga. Kikaoni alisema alikaa kaburini mpaka akachoka kukaa, na kwamba hakuwa amewahi kuchoka kwa kukaa.

Baadaye nilihamishiwa Busega, nikaanzisha kikundi kingine Nassa. Niliporudi Bariadi kumalizia utumishi, nilimkuta Limi ana nimonia. Hospitali ilijitahidi. Alifariki akiwa mikononi mwa mama yake.

Kabula hakuonekana kikaoni kwa muda mrefu. Alipokuja alisimama mlangoni, akasema, "Ni mimi niliomba. Mlinisikia."

Masunga ndiye aliyeinuka. "Tulikusikia," akasema. "Na tulikuona ukimgeuza." Akamvutia kiti. Kabula akakaa, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza.

Nimestaafu sasa, naishi hapahapa Bariadi. Maafisa vijana wakinitembelea huniuliza, "Nitumie mbinu gani, mama?" Nawaambia mbinu zipo na wazisome. Lakini wajue kuwa mlezi hufika akiwa ameshajihukumu, na kazi yao ya kwanza ni kutomwongezea hukumu.

Katika kikao changu cha mwisho kabla ya kustaafu nilijaza rejista mpya, yenye safu ya walezi. Kabula alikuwa amekuja na mtoto wa jirani mgongoni, maana ilikuwa zamu yake kumpumzisha mama wa mtoto huyo. Kalamu ikasimama kwenye jina lake. Nikamuuliza nimwandike kama nani, kwa kuwa Limi hayupo.

Akaurekebisha mguu wa mtoto ndani ya kitenge.

"Mlezi," akasema.